Nilivyompindua Sindano

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mjomba amekabidhi funguo, mkasi mkubwa na futi yake ya kupimia kwa binti yake. Si kwangu. Kwa binti yake Sindano, binamu yangu, ambaye kwa urefu ananifika begani.

Nieleze vizuri, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu wazito. Mjomba ndiye fundi mkuu na mwenye chumba hiki cha kushonea. Ana mtoto wa jicho. Kesho anapasuliwa, na wiki nzima haruhusiwi kuinama wala kutunga uzi. Alihitaji mtu wa kukaimu. Nikajiweka sawa. Nikakohoa. Nikasimama pale dirishani mwanga unaponipendeza. Mjomba akanipita kama anavyopita nguzo, akamvika Sindano futi shingoni.

Nikauliza kwa adabu zote, na mimi je, Mjomba? Akasema niendelee na nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nafumua pindo la suruali. Sindano akacheka mpaka akashika meza. Akasema mtoto wa shangazi asinune, kufumua nako ni cheo, tena nina kipaji nacho kwa sababu kila ninachoshona mimi hufumuliwa.

Kisha Mjomba akawa na uso mwingine. Ijumaa, mkuu wa chuo cha ualimu anachagua nani amshonee majoho ya mahafali: sisi, au yule jirani wa ng'ambo ya barabara mwenye cherehani za umeme. Tukiikosa kazi hiyo, Mjomba anauza cherehani mbili na Mzee Mvuke anapumzishwa. Mzee Mvuke ni mpiga pasi wetu tangu mimi sijazaliwa. Alikuwa anasikia. Hakuinua kichwa. Alinyunyizia maji kola ya shati moja mara nyingi kuliko inavyohitaji kola.

Nilimhurumia. Nikaona wazi kwamba saa kama hii chumba kinahitaji mtu shupavu. Yaani mimi.

Na kama bahati, redio ya Mzee Mvuke ilikuwa kwenye kituo cha Kiingereza. Mtangazaji akataja nchi fulani, wanajeshi, ikulu, halafu neno moja tamu: kuu. Nikauliza ndiyo nini hiyo. Mwalimu wa Kiingereza, mteja wetu, alikuwa nyuma ya pazia miguu mitupu akingoja suruali yake itiwe zipu. Akajibu kutoka hukohuko. Kuu ni kunyakua madaraka kwa ghafla, bila kura wala hodi. Akanitajia na herufi zake, akasema mwishoni kuna pi, ila haitamkwi.

Nikamuuliza, sasa kama haisemi kitu wanaiweka ya nini? Akatoa kichwa penye pazia, akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akasema kila mahali pa kazi yumo mmoja wa aina hiyo.

Utani wa wasomi. Mimi nilishaondoka na neno. Barabara kuu. Lango kuu. Fundi mkuu. Waingereza wamechukua neno letu wakalitia pi ili tusilijue. Kesho naanza kuu yangu.


Jumanne, tarehe 4 Machi

Mapinduzi bila utafiti ni fujo. Asubuhi nikachomoa kamusi ya marehemu babu, ile inayoshikilia mguu wa kitanda cha Mama. Kitanda kikainama. Mama alikuwa juu yake. Tuyaache hayo.

Herufi alizotaja Mwalimu sikuziandika, kichwa changu kinatosha. Nilikumbuka C ya mwanzo, pi ya mwisho isiyofanya kazi, na katikati sauti ndefu. Nikatafuta. Nikalipata: C, O, O, P. Maana yake: kizimba cha kuku. Tena: kufungia ndani.

Hawa watu wana akili. Kumbe siri ya kupindua ni hiyo. Unamtia mkubwa kizimbani kama kuku, unakomea, basi. Na sisi tuna kizimba: stoo ya vitambaa, mlango mmoja, komeo kwa nje.

Nilipofika kazini nikamwambia Sindano kwa sauti ya msiba kwamba panya amekula kitambaa cheusi cha joho la mfano. Akaruka kama kamwagiwa maji, akaingia stoo. Nikakomea. Nikapanda kwenye kibao cha wateja nikamtangazia Mzee Mvuke kwamba kuanzia sasa madaraka yote yako mikononi mwangu, raia wasiwe na hofu.

Mzee Mvuke akasema sawa, mkubwa. Akaongeza kwamba pasi yake inapoa, na mkaa uko stoo.

Nikamwambia asubiri, serikali ndiyo kwanza inaingia. Hapo akaja mama mmoja anataka kupimwa gauni. Nikanyoosha mkono kuchukua futi. Futi iko shingoni kwa Sindano. Sindano yuko kizimbani. Chaki iko mfukoni mwa Sindano. Mkasi nao, alikuwa ameingia nao ili amwadhibu panya. Nikampima yule mama kwa shubiri. Nilipofika kiunoni akanipiga mkoba, akasema hajaja kupimwa kaburi.

Nikabisha mlango wa stoo nikamwomba Sindano anipenyezee futi chini ya mlango. Nikaita tena. Akajibu kwa sauti ya usingizi kwamba nisimsumbue, amelala juu ya majora ya pamba, tangu baba yake aumwe hajapata usingizi mtamu kama huu, nifunge vizuri upepo usiingie.

Mkaa ukaisha. Mteja akavuka barabara kwa jirani. Mzee Mvuke akakunja mikono akawa ananitazama tu, na mtu anayekutazama bila kusema anachosha sana.

Nikafungua. Kwa hiari yangu. Kiongozi mwema anajua kusamehe. Sindano akatoka anapiga miayo, ana alama za nyuzi za kitambaa shavuni. Hakunigombeza. Alinipa suruali nyingine nifumue.

Mjomba kapasuliwa salama. Hajui kwamba alipokuwa amelala alipinduliwa kwa muda.


Jumatano, tarehe 5 Machi

Mwalimu ameleta shati. Nikamweleza nilivyofanya kuu kwa kufuata kamusi. Alicheka mpaka ikabidi akae. Kumbe nimechukua neno silo. Yanatamkwa karibu sawa, lile la kuku pi yake inasikika, lile la ikulu pi yake ni bubu, na katikati ni O na U. Akaliandika kwa chaki juu ya meza: COUP. Akasema ukiongeza E mwishoni inakuwa gari la milango miwili.

Nikalisoma kwa sauti lenye E: kupe.

Sindano alisikia. Tangu saa hiyo naitwa Kupe. Kupe lete uzi. Kupe fagia. Hata mteja ambaye simjui kaniaga, haya Kupe, tutaonana.

Hainiumi. Nilimbana Mwalimu anifundishe zaidi. Akasema neno lenyewe Waingereza wamelichukua kwa Wafaransa, na kwao asili yake ni pigo tu, kama kofi. Akasema wanaopindua kwa kawaida huhakikisha kwanza wameshika watu wenye silaha na redio. Akaanza kusema kwamba neno hilo lina matumizi mengine pia. Nikamwambia inatosha. Mtu akikuonyesha mlango humuulizi habari za madirisha.

Silaha na redio. Nikatazama chumbani. Nani ana pasi ya chuma yenye moto ndani? Nani ana redio? Mtu mmoja tu, Mzee Mvuke.

Nikamfuata. Nikamwambia mzee wangu, mambo yanabadilika, simama na mimi. Nitakupa cheo, Waziri wa Mvuke. Akauliza cheo kina kiti? Maana miaka yote hiyo amepiga pasi wima, na magoti yake siku hizi yanalia kuliko cherehani. Nikambebea kiti cha wateja chenye mgongo. Akakaa. Akajinyoosha. Nikamuuliza, kwa hiyo uko upande wangu? Akasema yeye nguo huzipiga pasi pande zote mbili.

Hayo ni majibu ya kidiplomasia. Nayahesabu kuwa ndiyo.

Mchana Sindano akanipa lile shati la Mwalimu, kola imechakaa. Kazi yake ni kuifumua, kuigeuza upande mzuri uje juu, kuirudishia. Kwa lugha ya kazi yetu, kupindua kola. Nikamwambia umejitia kitanzi mwenyewe, umempa mwanamapinduzi mapinduzi. Nikapindua kwa ari. Nilipomaliza, upande uliochakaa ulikuwa bado juu. Niliipindua mara mbili kwa shauku. Mzee Mvuke akaiangalia akiwa kwenye kiti changu, akasema ndivyo yalivyo mengi ya hayo, kelele za kufumua nyingi na kola ni ileile.

Sindano aliirudia mwenyewe. Kisha akarudi kwenye joho la mfano, lile la kumwonyesha mkuu wa chuo. Anashona mikono yake kwa mshono maradufu, anavuta, anakagua, anashona tena. Nikamwambia anapoteza uzi, mshono mmoja unatosha. Akaniambia, Kupe, kuna mtu mzima pale kwenye kiti, riziki yake imening'inia kwenye huu mkono. Alisema polepole mzee asisikie.

Nikamsogezea uzi. Halafu nikakumbuka kwamba ndivyo watawala wanavyokulaghai, kwa maneno ya huruma.


Alhamisi, tarehe 6 Machi

Pigo! Tumepinduliwa!

Niandike kwa utulivu. Nilikuwa chini ya meza ya kukatia. Nilikuwa natafuta kifungo. Sawa, nilikuwa nimelala. Mwalimu akaingia kuchukua shati lake. Sindano akamwambia kwa sauti ndogo kwamba amekwenda mwenyewe chuoni asubuhi, kaingia hadi ofisini kwa mkuu, na mkuu amekubali kuja hapa Ijumaa kabla ya kwenda kwa yule jirani, tena atalivaa joho lenyewe ajipime.

Hayo niliyasikia nusu, kwa sababu ya usingizi. Lakini alichosema Mwalimu nilikisikia chote. Alisema, binti, hiyo ni kuu. Kuu ya kweli. Akampa mkono! Na Sindano akacheka akasema, usimwambie baba, nataka ashtukie tu imeshatokea.

Kumbe nyoka alikuwa ndani ya jora. Binti anampindua baba mzazi, baba akiwa na bendeji jichoni! Na mimi nilikuwa nahangaika na makomeo, mwenzangu kaenda moja kwa moja kwa wakubwa.

Nilitambaa hadi mlangoni, nikakimbia hadi kwa Mjomba. Wazo likanijia njiani, na lilikuwa zuri hadi nikajipongeza. Mimi sasa si mpinduzi tena. Mimi ni mtetezi wa serikali halali. Atakayeiokoa ataulizwa anataka cheo gani.

Mjomba alikuwa kitandani, jicho moja limefungwa, lile jingine linangoja zamu yake ya kupasuliwa na kwa sasa linaona vivuli tu. Mama alikuwepo, ndiye dada yake, amemletea uji. Nikapiga goti nikasema, Mjomba, Sindano amekupindua. Mjomba akauliza, amenipindua kutoka wapi kwenda wapi? Nikasema kwenye cheo chako. Mwalimu kamwambia kwa Kiingereza, na kampongeza.

Mama akaniambia niache upuuzi. Akamkumbusha kaka yake kwamba mimi ndiye niliyewahi kuita zimamoto kwa ajili ya mvuke wa pasi. Lakini Mjomba alishakaa kitako. Akasema taratibu, mtoto wangu? Nikasema, wako. Uji ukapoa. Kusema kweli uso wake haukunifurahisha, nilitarajia hasira, ikaja huzuni.

Akasema kesho nimpeleke mwenyewe.


Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika kwa ushindi.

Nilimshika Mjomba mkono njia nzima. Kavaa miwani nyeusi juu ya bendeji. Kila hatua alikuwa anauliza kama Sindano ameketi kiti chake cha dirishani. Nikasema hata ameketi vibaya.

Tulipofika mlangoni nikamsikia Mzee Mvuke akisema, taratibu, Mkuu yumo ndani. Mjomba akanibana kiganja. Akauliza, ameshaanza kujiita mkuu? Nikamwambia, Mjomba, unasikia mwenyewe.

Akaingia kwa kishindo. Jicho lake lile la vivuli likaona kitu kimoja tu: mtu katikati ya chumba, kavaa joho jeusi refu, mabega juu, kajaa chumba kizima. Mjomba akapaza sauti, hapa mkuu ni mmoja, vua! Akaukamata mkono wa joho kwa mikono miwili akauvuta kama anayevuta mbuzi kisimani.

Aliyekuwa ndani ya joho ni mkuu wa chuo.

Sindano alikuwa kapiga magoti nyuma yake akipima pindo, pini mdomoni, hawezi hata kupiga kelele. Mkuu wa chuo akavutwa hatua kadhaa, akaegemea meza, akavutwa tena. Mjomba fundi wa miaka mingi, ana mikono ya kubeba cherehani. Mzee Mvuke akainuka kwenye kiti. Nilimwona uso. Alikuwa anaangalia lile bega la joho kama mtu anayeangalia mlango wa nyumba yake unavunjwa.

Mshono haukuachia. Mjomba akavuta kwa mara ya mwisho, akateleza, akakaa chini na kipande cha hewa mkononi.

Sindano akatema pini, akasema, Baba, huyo ni Mkuu wa chuo. Mjomba akiwa chini akauliza, mkuu wa nini? Mkuu wa chuo akajibu mwenyewe, wa chuo, mzee, na nilikuja kwa amani.

Nilidhani tumekwisha. Nilianza kutafuta mlango kwa mgongo. Lakini yule bwana akajitazama bega. Akauinua mkono, akaushusha, akauvuta mwenyewe. Akasema mwaka jana majoho yao yalishonwa kwa yule jirani wa ng'ambo, na profesa mmoja alipoinua mkono kuwapungia wazazi, mkono wa joho ulibaki chini. Akasema leo hii amevutwa na fundi mwenye hasira na halijatoka hata uzi. Akauliza nani kashona. Sindano akasema ni yeye. Mkuu akasema basi hana haja ya kuvuka barabara. Ashone yote.

Mzee Mvuke akarudi kwenye kiti. Akakaa kwa uangalifu sana, kama kiti kimejaa maji. Akajipangusa uso kwa kitambaa cha kunyunyizia nguo.

Mwalimu aliitwa kueleza. Akaeleza. Kumbe neno lile, mbali na ikulu na wanajeshi, linatumika pia kwa ushindi mkubwa ambao hakuna aliyeutarajia. Mtu akipata kazi kubwa wenzake waliyoikodolea macho, wanasema amefanya kuu. Sindano alikuwa anataka baba yake ashtukie furaha. Ndiyo hayo matumizi mengine aliyotaka kunieleza Jumatano. Angesisitiza. Kosa ni lake.

Mjomba akamwita Sindano karibu, akampapasa kichwa, akasema nisamehe mwanangu, nilikuja kukuvua. Sindano akasema, ungeweza kuvua basi, baba, kwa mshono ule? Wakacheka wote wawili, na Sindano akalia kidogo katikati ya kicheko. Mimi nikatazama dari kwa sababu za kiume.

Halafu Mjomba akageuza ile miwani nyeusi upande wangu, na hapo hakukosea mahali niliposimama. Aliyosema siwezi kuyaandika. Shajara hii itasomwa na watu wazito.


Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mjomba ametangaza. Hata jicho likipona, fundi mkuu ni Sindano, moja kwa moja. Yeye atakuja kukaa, kuonja mishono na kugombana na wateja. Mzee Mvuke anabaki, na kile kiti ni chake.

Kuhusu mimi, Mama aliitwa. Kulikuwa na kikao. Mjomba alipendekeza nirudi nyumbani. Sindano ndiye aliyenitetea. Akasema mtoto wa shangazi hatupwi, akitupwa atarudi na komeo. Akasema ana cheo changu tayari. Akavuta pumzi akatamka, Mkuu wa Vifungo. Vifungo vyote vya majoho yote ya chuo viko chini yangu, kuvitunza na kuvilinda mpaka vitakapohitajika, na nisiguse kitu kingine chochote. Mzee Mvuke alikohoa sana. Moshi wa mkaa huo.

Nikakubali bila kujivuna. Nikampa Sindano mkono. Nimempa nafasi ya kujirekebisha.


Jumapili, tarehe 9 Machi

Nimepumzika na nimefikiri, na sasa naona picha yote.

Kwanza, kazi ya majoho imepatikana kwa sababu mkuu wa chuo alivutwa. Nani alimleta mvutaji? Mshono usiojaribiwa ni porojo tu. Wananisingizia uchokozi, kumbe ulikuwa ukaguzi.

Pili, wamefanya kosa la kitoto. Wamenikabidhi vifungo. Joho bila vifungo ni nini? Ni shuka. Siku ya mahafali wasomi wote wale watasimama wazi mbele ya wazazi wao kama madirisha, mpaka mimi niseme. Redio sina, pasi sina, lakini nimewashika kifuani.

Kwa hiyo leo nimelibeba kopo zima la vifungo hadi nyumbani, nimelificha chini ya kitanda cha Mama, mahali ilipokuwa kamusi. Kitanda kimenyooka hata kuliko zamani. Nimeandaa na masharti. Kiti cha dirishani. Futi. Na asiwepo mtu wa kuniita Kupe.

Mama aliinama akaona kopo, akaniuliza la nini. Nikamweleza mpango mzima. Akaniuliza kama joho la mfano nililiona vizuri, maana yeye Ijumaa alipokwenda kumchukua kaka yake aliliona, na mbele lina zipu kutoka shingoni hadi chini.

Nimemwambia Mama mambo haya ni mazito kwake, ajilalie.